Kinachovuma Shingoni

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, Valère alilaza kichwa kwenye bega la mkewe aliyekuwa amesinzia kochini, akasikia shingo yake ikivuma.

Alidhani ni friji. Lakini umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na friji ilikuwa kimya kwenye kona yake. Akadhani ni inzi, akapunga mkono hewani. Sauti ikaendelea, ya chini, yenye mapigo, vuu, vuu, vuu, kama mtu anapuliza makaa chumba cha pili. Akasogeza sikio mpaka likagusa ngozi. Ngozi ilikuwa ya moto na imelowa jasho, na sauti ilitoka mle mle, chini ya koromeo, pale shingo ya Annick ilipokuwa imetuna.

Akainua kichwa amwamshe. Macho ya Annick yalikuwa wazi, yamemkodolea, weupe juu na weupe chini, na huku bado anakoroma.

Wapo watakaosema hii si hadithi ya jini. Wakae na elimu yao. Mimi naita kila kitu kwa jina lililotumika ndani ya nyumba ile, na nyumba ile ilisema jini, ikasema kwa kunong'ona na mapazia yamefungwa, mpaka mtu akakaribia kufa.

Nyumba yenyewe ni vyumba viwili vya kupanga huko Mbuya, Kampala, upande wa chini wa kilima cha wanajeshi, ambako asubuhi unaamshwa na tarumbeta upende usipende. Valère ni Mkongomani wa Bukavu. Anauza vitenge Kikuubo, soko la katikati ya mji, kwenye kibanda chembamba ambacho wateja wawili wakiingia, mwenyewe inabidi atoke. Annick, mkewe, alikuwa fundi cherehani hodari, mpaka mwaka jana mikono ilipoanza kumtetemeka na uzi ukakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Wakaenda hospitali ya Mulago. Huko wakaambiwa ni tezi ya shingo.

Daktari aliyewaona aliitwa Akwero, mwanamke mrefu asiyecheka, binti wa sajini, aliyekulia kwenye kambi za jeshi na kujifunza Kiswahili chake huko huko gwarideni. Valère alibaki nje kwenye benchi na simu yake mkononi, lakini mlango ulikuwa nusu wazi, na sauti ile haikuwa ya kuzuiwa na mlango.

"Wewe nasikia? Hii tezi yako nafanya kazi kupita kiasi. Hii dawa nalaza yeye. Hakuna kuacha, hata siku moja. Ukiacha, yeye naamuka na hasira. Mwili ikiwa moto, moyo nakimbia, tumbo nakataa, kichwa napotea, hapana kaa nyumbani. Hapana ngoja asubuhi. Kuja hapa mbio."

Annick alimeza vidonge kama alivyoamriwa. Mikono ikatulia, mashavu yakarudi, cherehani ikaanza kulia tena mle ndani. Mambo yangeishia hapo, nami nisingekuwa na la kusimulia, kama Mama Marie-Louise asingekuja.

Huyu ni mama mzazi wa Valère. Alitoka Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu, akashuka kwenye basi na mabegi yake na kitambaa cha kitenge kilichofungwa shingoni, ambacho hakukivua hata siku Kampala ilipowaka jua la kupasua mawe. Utotoni mwake kule kisiwani, shingo zilizovimba zilikuwa nyingi kuliko viatu. Watu walikosa iodi, yale madini yanayotiwa kwenye chumvi. Wakaja madaktari na sindano za mafuta ya iodi, na shingo zikateremka kijiji kwa kijiji. Alishuhudia kwa macho yake. Basi Mama Marie-Louise alijua kitu kimoja, alikijua vizuri, na hakuwa na nafasi ya kujua cha pili.

"Nani alikuambia shingo inaponaka na vidonge?" alimwuliza Annick siku ya kwanza tu, amekishika kikopo cha dawa kwa ncha za vidole. "Hii shingo iko na njaa. Iko inalilia iodi. Kwetu hata mutoto anajua."

"Dokta alisema yangu si ile ya njaa, Mama. Yangu inatumika kazi kupita kiasi."

"Dokta yako alizaliwa wapi? Idjwi?"

Kesho yake alimfuata Valère Kikuubo, akapenya kati ya wachukuzi na marobota mpaka akapata duka la dawa za asili, akarudi na kopo la unga wa mwani. Muuzaji alimwapia kwamba mle iodi imejaa mpaka inamwagika. Ulikuwa unga wa kijani uliokaribia weusi, na alipofungua kifuniko nyumba nzima ilinuka kama kitu kilichofia majini kikasahauliwa. Vidonge vya hospitali vilikwenda chooni siku hiyo hiyo.

Utauliza kwa nini Annick hakukataa. Unauliza kwa sababu hujaolewa na watu wa Kivu. Kule wanaogopa karuho, sumu inayotiwa kikombeni na mtu anayekuchekea, na kwa hiyo anayekupa cha kunywa huonja kwanza mbele yako, akameza, ukaona koo likipanda na kushuka. Akishaonja, na wewe bado ukakataa, umemwita mchawi. Na kumwita mama wa mumeo mchawi, ugenini, ndani ya vyumba viwili, ni kujifungia mizigo mwenyewe. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni Mama Marie-Louise alikoroga unga wake, akapiga funda moja kubwa, akafuta midomo, akamnyooshea mkwewe kikombe.

"Nimeonja," alisema.

Na Annick akanywa. Valère aliona yote na akaangalia simu yake.

Baada ya Jumapili ile ya kuvuma, kitu kile hakikujificha tena. Kilianza na joto. Annick alilala sakafuni kwenye saruji tupu, akafungua madirisha mvua inanyesha, na bado nguo zilimgandama mwilini, na jasho lake likaanza kunuka ule mwani. Kisha njaa. Bugali, ugali wa kwao, uliosongwa kwa ajili ya wote aliumaliza peke yake amesimama jikoni, anakula kwa mikono miwili, huku mifupa ya mabega inazidi kuchomoza siku kwa siku, mpaka Valère akajiuliza chakula kile kinakwenda kwa nani. Nywele zilibaki kwenye kitana. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akacheka na ukuta, akalia kwa sababu sufuria imeanguka. Na akilala mchana macho hayafumbi. Shuka lilimruka kifuani kwa mapigo ya moyo, na ule uvumi wa shingoni, ambao mwanzoni ulihitaji sikio kugusa ngozi, sasa Valère aliusikia, au alidhani anausikia, akiwa mlangoni anavua viatu.

Jirani yao Rehemah, Mganda, alikuwa wa kwanza kulitaja jina. Alimvuta Valère pembeni kwenye bomba la maji, akaweka ndoo chini, akaangalia huku na huku.

"Ssebo, bibi yako hapana funga macho. Mimi napita kwa dirisha, namuona. Nalala, macho wazi, naangalia mimi." Akashusha sauti zaidi. "Hiyo ni jini, banange. Tafuta mutu."

Valère alimwambia mama yake. Mama Marie-Louise hakushangaa hata kidogo, na hapa ndipo ninapomchukia. Mwanamke aliyekuwa anatia unga ule kikombeni kwa mkono wake alitazama matokeo yake na kusema kuna mwovu mwingine ndani ya nyumba.

"Iodi inapiganaka na hiyo kitu," alisema. "Ndiyo maana inasumbuka. Tuongeze."

"Mi sina jini, Mama," Annick alisema kutoka kochini. Meno yalikuwa yanamgongana na huku kipaji cha uso kinachuruzika jasho. "Ni kukosa vidonge. Nirudishie vidonge yangu."

Mama mkwe alimwinamia, akamtazama macho yale yasiyopepesa.

"Vile ndiyo inasemaka wakati iko ndani," alisema taratibu.

Wakamwita Tresor. Huyu alikuwa Mkongomani mwenzao, mchungaji wa kujitawaza, mwenye suti nyeupe na chumba cha maombi nyuma ya gereji. Alimgusa Annick shingoni, akautoa mkono haraka kama aliyegusa pasi. Akaamuru mfungo mkavu, bila chakula na bila maji, isipokuwa kikombe cha Mama, kwa kuwa kikombe cha Mama kilikwisha kuombewa. Annick aliyekuwa anawaka moto akanyimwa maji. Alipoanza kuungua kweli, wakamsagia aspirini. Alipotapika, Tresor alisema vizuri, inatoka. Alipoharisha, alisema vizuri zaidi.

Siku ya kumtoa jini ilikuwa mchana wa mvua. Walifunga mapazia na kuweka kitambaa chini ya mlango. Mabati yalikuwa yanapigwa na mvua kiasi kwamba aliye nje asingesikia neno. Valère aliambiwa ashike miguu. Aliishika, na miguu ya mkewe ilikuwa ya moto na inatetemeka ndani ya viganja vyake bila kukoma, na alipotazama juu aliona mshipa wa shingo ukiruka haraka kuliko mtu angeweza kuuhesabu, na uvimbe ule umepanda, umejaa, na ngozi juu yake inacheza, na harufu ya mwani na matapishi na jasho imejaa chumba mpaka mshumaa wa Tresor ulionekana unawaka kwa shida, na mama yake amepiga magoti kichwani pa Annick anasugua kitenge chake shingoni na kusali kwa meno yaliyokazwa, na Valère, mtu mzima wa biashara, akatamani kukimbia na kuwaacha wote mle ndani pamoja na kile kitu.

"Jina lako nani?" Tresor aliuliza, midomo karibu na sikio la Annick.

Annick alikuwa akijigeuza na kuguna. Akatulia ghafla. Macho yakaenda darini, midomo ikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Annick huongea Kiswahili cha Bukavu, laini, cha kuvutavuta. Hii ilikuwa sauti kavu, ya amri, iliyokatwa vipande.

"Wewe nasikia?" ilisema.

Tresor akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati. "Jini ya askari," alinong'ona. "Imeshuka kule juu kwa kambi."

"Tunasikia," Mama Marie-Louise alijibu, maana ile ilikuwa sauti ya kujibiwa.

"Hakuna kuacha. Hata siku moja. Ukiacha, yeye naamuka na hasira."

"Nani anaamuka? Sema."

"Mwili ikiwa moto. Moyo nakimbia. Tumbo nakataa. Kichwa napotea." Kila neno lilitoka na pumzi fupi, kama mtu anapanda mlima. "Hapana kaa nyumbani. Hapana ngoja asubuhi."

"Inataka tumutoe inje," Tresor alisema. "Musiguse mulango. Wewe roho, jina. Nataka jina."

Mvua tu. Kisha kitu kile kikatabasamu kwa midomo ya Annick iliyopasuka.

"Akwero," kilisema.

"Roho ya Akwero, ninakufunga," Tresor akaanza, amenyoosha mkono. "Akwero, ninakukata, Akwero, toka kwa huyu mwanamuke."

Valère aliachia miguu. Alikuwa kwenye benchi tena, simu mkononi, mlango nusu wazi, na sauti ya mwanamke mrefu inampita masikioni huku yeye anatazama bei za vitenge. Kila neno lilikuwa lile lile. Kama lilikuwa jini lililokariri maneno ya daktari ili liwadhihaki, au alikuwa Annick mwenyewe, amesukumwa mpaka nyuma kabisa ya kichwa chake na kupiga kelele kwa maneno pekee yaliyombakia, mimi sijui. Najua kwamba chumba kizima kilikuwa kinasikiliza, na aliyeelewa alikuwa mmoja, na amechelewa.

Alimfunga mkewe kwenye shuka na kumwinua. Alikuwa mwepesi wa kutisha. Mama Marie-Louise alikwisha kusimama mlangoni, mikono imeshika fremu pande zote mbili.

"Ukimutoa, itakufata," alisema kwa sauti ya chini. "Itakula wewe, halafu itakula mimi."

"Toka mulangoni, Mama."

"Mimi nilikuzaa."

"Toka mulangoni."

Hakumsukuma. Alimpita na Annick mikononi, na miguu ya Annick ikamgonga mama yake kifuani, na huyo mama akalazimika kuachia.

Nje alikuwako Oyugi, jirani Mkenya muuza vipuri, anapakia maboksi kwenye gari lake. Alimwona Annick, akayashusha maboksi yote kwenye matope bila kuuliza.

"Wewe shika kichwa," alisema. "Barabara niachie mimi."

Mulago walimkuta Akwero akiwa zamu. Aliinua kope ya Annick, akaweka vidole shingoni, akaegemeza kiganja kifuani, akanusa pumzi yake. Uso wake haukubadilika, ila mikono iliongeza kasi.

"Nani naachisha dawa?" aliuliza.

Valère alimweleza yote: vidonge vilivyotupwa chooni, unga wa mwani wa mama yake, mfungo, aspirini.

"Hii ni dhoruba ya tezi. Tezi nafungua mlango yote, namwaga sumu yake kwa damu mara moja. Moyo nachoka, nasimama. Wewe ungengoja asubuhi, ungeleta maiti." Akamgeukia muuguzi. "Aspirini hapana tena. Aspirini nasaidia adui. Pa yeye panadoli. Leta maji, shuka, feni."

Kama ulikuwa unasubiri mganga wa hadithi hii, ndiye huyo. Hakuwa na kibuyu wala ubani, lakini alikuwa na mpangilio wake na hakuruhusu hatua moja irukwe. Walimvika Annick mashuka yaliyolowa na kuelekeza feni. Maji ya dripu yakaingia mkono mmoja. Kwenye mkono wa pili wakasukuma polepole dawa ya kuushika moyo, jicho likiwa kwenye mashine. Wakachoma sindano ya kuukinga mwili usiporomoke. Wakasaga vidonge vya kuifunga tezi na kuvipitisha kwenye mpira wa puani. Kisha Akwero akatazama saa ya ukutani, akakunja mikono.

"Sasa tunangoja saa moja nzima," alisema.

Saa ile Valère hataisahau. Mashine ilikuwa inalia mfululizo kama mtoto aliyekosa mama. Annick aliongea na watu wasiokuwapo, akawaagiza uzi mweusi, akawafukuza. Mama Marie-Louise aliingia, amefika kwa bodaboda, amelowa, mkoba kwapani. Alisimama miguuni pa kitanda. Annick akanyamaza. Akageuza kichwa, na ule mkono usio na dripu ukainuka, ukanyoosha kidole, moja kwa moja kwenye kitenge kilichofungwa shingoni mwa mama mkwe.

"Ile pale nalala tu," alisema kwa ile sauti ya kambi.

Mama Marie-Louise alikishika kitambaa chake kwa mikono miwili.

Saa ilipotimia Akwero alileta chupa ndogo, akahesabu matone ya kahawia kwenye kikombe. Pua ya Mama Marie-Louise ikainuka.

"Hiyo ni iodi," alisema. Sauti ilimrudia yote. "Si nilisema? Si nilisema, Valère?"

"Mzee, ile yako ilikuwa kuni," Akwero alisema. "Jiko nawaka, wewe naongeza kuni. Mimi nafunga jiko kwanza, nangoja, ndiyo naleta hii. Sasa haiwezi kuwaka. Sasa naziba mlango, sumu hapana toka. Ukianza na hii, naua yeye. Nasikia?"

Mama Marie-Louise alisikia neno moja, iodi, na hilo lilimtosha.

"Na wewe, mbona nafunga shingo?" Akwero aliongeza, anamtazama. "Fungua nione."

"Baridi."

"Hapa hakuna baridi."

"Mugonjwa iko pale," mzee alisema, akakaza fundo la kitambaa na kutoka kwenda barazani.

Kitu kile hakikuondoka kwa kelele. Mlio wa mashine uliachana kidogo kidogo, pakawa na nafasi kati ya pigo na pigo. Ngozi ikapoa. Kulipokucha Valère aliweka sikio kwenye shingo ya mkewe. Uvumi ulikuwa bado upo, lakini mbali, umedhoofika, kama gari linaloshuka upande wa pili wa kilima. Annick akafungua macho.

"Valère," alisema, kwa Kiswahili chake laini cha kuvutavuta. "Nisaidie maji." Na Valère akalia mbele za watu.

Tresor alitangaza ushindi chumbani mwake nyuma ya gereji. Alisema jini liitwalo Akwero lilitoka kwa mkono wake, na watu wakapiga makofi. Mwongo hana aibu.

Nyumbani, Valère aliweka vidonge kwenye mfuko wa shati lake na kumpa mkewe kwa mkono wake mwenyewe. Alimwambia mama yake kikombe kile kisimguse Annick tena. Mama hakubisha. Lakini kopo hakulitupa. Pale bombani aliwaambia wote waliotaka na wasiotaka kusikia kwamba hata Mulago walimpa binti iodi, kwa hiyo nani alikuwa na haki? Na kwa kuwa alijua watu wananong'ona sasa juu yake, kwamba bibi wa kisiwani nusura amuue mkwewe, alijitetea kwa njia aliyoijua. Kila asubuhi alikoroga unga, akakaa mbele ya Annick aliyekuwa kwenye cherehani, na kunywa. Hakuonja tena, alikunywa kikombe kizima, mpaka tone la mwisho, huku anamtazama machoni.

"Uone," alisema. "Kama ni sumu, nife."

Annick alishona. Mvua zikaisha, jua likarudi. Mama Marie-Louise akaanza kufungua madirisha. Akaanza kugombana na Rehemah kwa kamba ya nguo, na Oyugi kwa redio, na paka kwa sababu ni paka. Alikula vizuri na bado magauni yakampwaya. Kitenge hakukivua.

Kisha ikaja Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Valère alikuwa ametoka. Umeme umekatika, nyumba kimya. Annick aliinama kuokota vyombo mezani na akasikia kikombe cha chai kinagongagonga kisahani. Kilikuwa mkononi mwa mama mkwe, aliyekuwa amesinzia kochini, na mkono ulitetemeka wenyewe bila yeye kujua. Annick akakitoa taratibu kwenye vile vidole. Vilikuwa vya moto, vimelowa. Alipoinama hivyo, karibu na kile kitambaa, alisikia.

Vuu, vuu, vuu.

Sisemi uongo, alifurahi. Furaha ilimpanda mpaka kooni. Alibeba vyombo akaenda jikoni, akaviosha kimoja kimoja, akavisuuza mara mbili, bila haraka yoyote, na nyuma yake ile sauti inamfuata kutoka kochini. Alikumbuka kiu yake. Alikumbuka mikono iliyoshika fremu ya mlango. Akachukua sahani iliyokwisha kuwa safi na kuiosha tena. Na mle mle, mikono ndani ya povu, akakumbuka kitu kile kilivyokuwa kikimtembea ndani, na jinsi alivyowapigia kelele na wao wanamwuliza jina, na ile furaha ikamwisha, ikabaki hofu peke yake.

Akafuta mikono, akaenda dirishani, akamwita Oyugi. Kisha akarudi kuleta viatu vya mzee na kuviweka miguuni pake.

"Vaa viatu, Mama."

Mama Marie-Louise aliamka. Macho hayakufunguka, kwa sababu yalikuwa wazi muda wote, weupe juu na weupe chini.

"Tunaenda wapi?"

"Mulago."

Mzee alilishika fundo la kitambaa chake. Jasho lilikuwa linamchuruzika kwenye mikunjo ya uso. "Siendi," alinong'ona. "Mi sina jini."

Annick akapiga magoti, akamvika kiatu cha kwanza.

"Vile ndiyo inasemaka, Mama," alisema, "wakati iko ndani."